Adhana ya Gofuni

Assalaam alaykum wazee wangu. Shikamooni nyote kwa pamoja, maana nikianza kumwamkia mmoja mmoja tutafika Idi tungali hapa. Mama zangu mlioko nyuma ya pazia, shikamooni nanyi. Nasikia mnanong'ona, na najua mnanong'ona juu ya nani. Wenzangu wa chuoni, msicheke bado. Pa kucheka pakifika nitawaambia.

Mwalimu wetu wa chuo, ambaye ndiye imamu wetu hapa msikitini, ameniambia nisimame leo kabla mwezi haujaandama, niseme namna mtu anavyojilinda na dhambi. Aliniambia niandike kwanza, yeye asome, ndipo nije kuwasomea. Hakuniamini, wala simlaumu. Kurasa mbili amezikata kwa wino mwekundu, na zilikuwa ndizo nzuri kuliko zote. Akanionya pia nisimtaje mtu kwa jina. Sitataja. Ila Kivinje yetu ndiyo hii, mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya tatu wanamwombea afya. Kwa hiyo mkimtambua mtu, mtambueni kimya kimya. Msigeuze shingo.

Naanza na mimi. Ramadhani iliyopita nilikuwa kobe. Wadogo msiojua, kobe ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, kichwa ndani ya gamba. Siku tisa nzima. Mama akinituma kuni, napitia kwenye shamba la mihogo, nachimbua mmoja, naumenya kwa meno, naula mbichi, nateremshia maji ya kisimani. Halafu nikikaribia nyumbani nachukua majivu kidogo, napaka midomoni ili ionekane imekauka. Najilaza barazani, natazama juu kama maiti. Mama anasema, "Maskini mwanangu, saumu imemwingia." Jioni ananipa kipande cha samaki kikubwa kuliko cha baba. Baba, usinitazame hivyo, hiki ni kipande cha mwaka jana.

Nilikuwa nimejiwekea elimu yangu mwenyewe, kwamba dhambi ni kushikwa. Kila nikitaka kutenda jambo nilihesabu macho. Ya mama mawili, ya baba mawili, ya dada yangu mawili lakini yale ya kununulika. Nikiona yote yako mbali, basi hakuna dhambi. Jicho moja ndilo sikulitia katika hesabu, lile ambalo halina pa kulikwepa.

Siku ya kumi, mama akanifuta midomo kwa upindo wa kanga. Akaitazama kanga. Akanitazama mimi.

"Majivu haya ya jiko gani?"

Nikalamba midomo haraka, nikafuta yaliyobaki.

"Basi leo," mama akasema, "utafunga machoni pangu."

Na kweli. Kuni hakunituma, kisimani hakunituma. Asubuhi aliniachilia mara moja tu, nimpelekee unga wa mtama bibi mmoja wa nyumba ya pili, naye alisimama mlangoni akinisindikiza kwa macho. Bibi huyo alikuwa ameshikwa na homa tangu mwezi uandame. Siku tisa hakufunga, alilala tu akilia kuwa Ramadhani inampita. Siku hiyo nilimkuta ameketi mkekani, amejifunga kitambaa kichwani, anacheka.

"Mjukuu wangu, leo na mimi nimefunga," akaniambia. "Nitazame. Si nimefunga?"

"Umefunga, bibi."

"Hata hii moja, Mungu akinipa nikaimaliza, nimeridhika."

Nikaweka unga nikaondoka. Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale niliyasikia kwa masikio haya haya mawili. Yawekeni akilini, tutarudi.

Ilikuwa siku ya mawingu. Tangu adhuhuri mbingu ilifunga kama sufuria na kifuniko chake, kijua hakionekani, kivuli hakuna. Saa hazitembei. Mama akaona haitoshi kunifungisha, akaniweka juu ya mbuzi nikune nazi. Mtu mwenye saumu yake ya kwanza ya kweli, anakuna nazi! Tui lile linanukia, muhogo unatokota, kuna papa wa kukaanga, na mama yuko kando na mwiko akinisubiri nilambe kidole. Sikulamba. Lakini kufikia alasiri nilikuwa namwona paka wetu anafanana na mkate wa kumimina.

Jioni mama akasema, "Nenda msikitini kamuulize Babu imebaki kiasi gani."

Babu ni mwadhini wetu. Nimesema msigeuze shingo! Amewaadhinia baba zenu tangu Mdachi yuko bomani, akaja Mwingereza akamkuta anaadhini. Nyumba zetu hapa wengi hatuna saa. Babu anayo ile ya kuning'inia kifuani, na mtaa mzima tunafungua kwa koo la Babu. Ana kikohozi chake kimoja kidogo, hukitoa kabla ya kuwaita watu waje kwenye sala. Hata ukiwa umelala, ukisikia kile kikohozi unajua ni yeye.

Nilimkuta amesinzia, mgongo ukutani, saa iko mapajani. Nikachungulia akrabu. Nusu saa nzima ilikuwa bado.

Sasa nitoboe siri moja. Mnajua mimi naigiza sauti. Sauti ya Bwana Shauri, Mwingereza wetu wa bomani, akihutubia kwa Kiswahili chake mmeisikia, na mmecheka hadi kukaa chini. Lakini sauti ya Babu nilikuwa nayo pia, sikuwahi kuitoa mbele za watu, kwa kuwa baba alinionya kuwa ya msikitini hayachezewi. Niliifanyia mazoezi peke yangu, porini, nikitafuta kuni.

Ubavuni mwa msikiti liko lile gofu la mawe lisilo na paa. Nikaingia humo. Wallahi sikukusudia kudanganya mtaa. Nilikusudia kujaribu tu, taratibu, nione njaa itasemaje. Nikaweka mikono masikioni nikatoa takbiri ya kwanza ya adhana.

Gofu likaipokea sauti, likaikuza, likairusha juu. Mara nikasikia nyumba ya jirani upawa unagonga bakuli. Mtu akasema kwa sauti kubwa, "Alhamdulillahi! Leo imekwenda haraka!"

Hapo ningekoma. Pana watu wanaosema dhambi ni chungu. Ile yangu haikuwa chungu hata kidogo, ilikuwa tamu kuliko tui. Mtaa mzima, wazee na ndevu zao, umo ndani ya koo langu mimi. Nikaendelea. Nikafika pale penye kikohozi, nikakikohoa. Nikaimaliza yote, nikaruka ukuta, nikakimbia nyumbani, nikamkuta baba ameshatamka bismillahi. Nikatia tende kinywani.

Tende ya pili sijaitafuna, mawingu yakapasuka upande wa Singino. Jua likatoka chini ya wingu, jekundu, zima, limekaa juu ya mlima kama kiini cha yai.

Sasa hapa mnaweza kucheka, mimi nawaruhusu. Kwa sababu Kivinje nzima ilitoka nje na vinywa vimejaa. Hakuna aliyetafuna, hakuna aliyetema. Mvuvi mmoja alisimama na kipande cha muhogo nusu ndani nusu nje, analitazama jua kama mdeni wake. Na Mwalimu, nisamehe, najua hapa ulipiga mstari wa wino, lakini wewe ulikuwa umeshameza.

Watu wakaenda msikitini mbio. Mimi nikawafuata nyuma, najifanya nami nimeshangaa. Babu alikuwa ndiyo kwanza anaamka kwa zile kelele.

"Babu, umetufanya nini?" yule mvuvi akauliza.

"Nimefanya nini?"

"Umeadhini jua lingali juu!"

"Mimi sijaadhini. Bado." Akainua saa machoni. "Tazameni, bado."

"Sauti yako hatuijui? Na kikohozi chako hatukijui?"

Babu akamtazama huyu, akamtazama yule. Nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilisinzia kidogo. Labda nimeadhini usingizini."

Hakuna aliyecheka tena. Na mimi ndugu zangu, neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, pamoja na tende. Nikavimeza vyote viwili.

Nyumba ya pili, yule bibi alikuwa ameshakunywa uji. Mwanawe alipomwambia jua lingaliko, aliweka bakuli chini akajifunika shuka gubigubi. Mama ndiye aliyenihadithia. Alinihadithia akilia, hajui anamhadithia nani.

Siku iliyofuata Babu hakuadhini. Aliadhini kijana mmoja ambaye simtaji, nyie mlimsikia, kila mbuzi wa mtaa alimwitikia. Watu wakawa hawaamini tena adhana. Wanatoka nje, wanalitafuta jua, wanabishana, wengine wanamtuma mtu bomani akaulizie saa. Ikasemwa kwamba Ijumaa baada ya sala wazee watakaa, Babu arudishe funguo za msikiti na saa.

Alhamisi nilipita hapa barazani nikamkuta peke yake, saa ameiweka sikioni.

"Nani huyo?"

"Mimi, Babu."

"Njoo mjukuu wangu. Kaa. Niulize kitu."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Cha jana, cha juzi. Nataka nione kama nasahau."

Nikamuuliza jana alifuturu nini. Akajibu kunde na chai. Nikamuuliza juzi alikuja nani kumwangalia. Akajibu. Vyote sahihi. Akatikisa kichwa. "Unaona? Vyote vipo. Sasa kile kimoja kimekwenda wapi? Nakitafuta siku mbili hizi, sikioni. Mtu akiadhini hata usingizini, si atakumbuka koo limetetemeka?"

Nikasema sijui.

"Niliposhika funguo hizi nilikuwa kijana," akasema. "Nilimwomba Mungu kitu kimoja, siku kichwa kikiniacha, anijulishe kabla sijawadhulumu watu saumu zao. Sasa amenijulisha, lakini nimeshawadhulumu." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. "Wewe niombee. Dua za watoto wasio na makosa husikilizwa."

Nikatoka pale nikakimbia hadi kwenye mihogo yangu. Sikula. Nilikaa tu kwenye matuta, nikalia kama mtoto wa kunyonya, na nikitazama huku na huku hapakuwa na jicho hata moja la mtu. Ndiyo siku niliyojua kuwa hesabu yangu ya macho ilikuwa hesabu ya mjinga.

Ijumaa wazee wakakaa. Maneno yalikuwa mengi na ya upole, kila mmoja anamsifu Babu kama vile ameshakufa. Babu akatoa funguo mfukoni mwa kanzu. Mimi nikasimama kule nyuma.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Watu wakacheka! Mvuvi akasema, "Wewe? Juzi si ulituambia wewe ndiye Bwana Shauri!" Baba akanikazia macho, "Kaa chini, usinitie aibu mbele ya watu." Nikasema tena ni mimi, nikaapa. Wakazidi kucheka. Hiyo ndiyo mishahara ya mzaha, wenzangu. Siku unayosema kweli, watu wanangoja sehemu ya kuchekesha.

Babu akainua mkono wakanyamaza. "Mwacheni," akasema. "Ananipenda, anataka kunibebea mzigo. Mjukuu wangu, uongo wa huruma nao ni uongo. Keti."

Nawaambia, fimbo zote za baba hazijawahi kuniuma kama hilo.

Mwalimu hakuwa amecheka. Akauliza saa. Akaambiwa alasiri imeingia. Akasema, "Vema. Inuka wewe, utuadhinie. Kama ulivyoadhini siku ile."

Nikatia udhu. Nikasimama mlangoni, nikaweka mikono masikioni, nikafumba macho. Nikatoa ya kwanza, na ya pili. Nikafika penye kikohozi, nikakohoa. Hapo nikafumbua macho nikaona vichwa vyote vimegeuka. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walikuwa wanamtazama Babu. Naye ameketi, mikono magotini, midomo imefungwa.

Nikaendelea kwa shida. Machozi yalikuwa yananiingia kinywani. Ile ya mwisho kabisa koo la Babu likaniponyoka, ikatoka kwa sauti yangu mwenyewe, hii mbovu inayovunjika vunjika.

Babu akainuka. Nikajua atanipiga, nikakaza mgongo. Akaniwekea kiganja kichwani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe kichwa changu kipo."

Ndilo neno lake la kwanza. Sikutukanwa, sikulaaniwa. La pili aliloniambia ni kwamba kikohozi nimekizidisha, chake si kikali hivyo. Wazee wakaangua kicheko, wengine huku wanajifuta macho, na funguo zikarudi mfukoni mwa Babu. Baba hakucheka. Baba alingoja nyumbani, na mambo ya nyumbani Mwalimu ameyakata kwa wino.

Hukumu ya Mwalimu ilikuwa hii. Siku ile kila mtu ataikidhi mwenyewe, mimi siwezi kumlipia mtu aliye hai. Lakini nipite nyumba moja moja niombe radhi, na niombe kwa sauti yangu, si ya mtu mwingine.

Nikapita. Jirani yetu aliyerudi Bama vitani alinisikiliza akasema, "Mjapani hakuniweza, umeniweza wewe na tende moja." Mama mmoja alinitwangisha mtama mpaka viganja vikachubuka, ndipo akasema amesamehe. Nyumba ya pili niliiacha ya mwisho. Yule bibi alinisikiliza amelala. Alicheka kwanza, akakohoa, kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini siku yangu naitaka. Nikipata nguvu nitaikidhi, na siku hiyo na wewe ufunge, tuwe wawili."

Nikamwahidi.

Sasa wenzangu, hapa si pa kucheka. Bibi alipata nguvu. Mfungo Pili, mwezi mmoja tu baada ya Idi, aliniita akaniambia, "Tufunge kesho?" Nikasema, "Wiki ijayo, bibi." Mfungo Nne akaniita tena. Mabibo yalikuwa yameiva kila mahali, miti imejaa mekundu na manjano, na mimi ndiyo maisha yangu hayo. Nikasema, "Wiki ijayo, inshallah." Akacheka akasema haya, ataningoja. Mfungo Tano homa ikamrudia. Tulimzika siku ya Jumapili.

Mtaniuliza, umeshatubu mbele ya watu, umeshalia, tena umerudia? Ndiyo. Nimerudia. Ndiyo maana mnaniona nasoma na siyasemi kwa kichwa, pengine ningeliruka hili.

Nilikwenda kwa mwanawe, yule dada yetu msukaji wa mikeka, nikamwambia. Aliimaliza kwanza safu aliyokuwa akisuka. Kisha akasema, "Alikuwa anangoja mwenzake wa kufunga naye. Alisema kufunga peke yake kunachosha." Tukaenda wote kwa Mwalimu, akasema kwa idhini ya mwanawe nitaweza kumfungia.

Nikafunga siku ya Alhamisi. Hapakuwa na Ramadhani, wala mtu wa kunichunga. Mama hakujua hadi jioni. Baba alinituma kuni, nikapita chini ya mikorosho, mabibo yanadondoka yenyewe mbele ya miguu yangu, na nyuki wanakula. Midomo ilikauka bila majivu. Jioni nikaenda kuketi kwenye baraza ya marehemu, mahali alipokuwa akiketi, na yule dada akaniwekea kikombe cha maji na tende tatu. Jua likashuka nyuma ya Singino, nikaliona kwa macho yangu limezama. Bado sikugusa. Nikangoja koo la Babu. Akaanza. Akafika penye kikohozi chake, na kweli si kikali kama nilivyokifanya. Nikamwacha amalize yote, hadi neno la mwisho, ndipo nikanywa maji.

Namshukuru Mungu, ambaye aliniona siku zote tisa za mihogo na hakunichoka. Namshukuru Babu, aliyenipa mkono kichwani badala ya kofi. Namshukuru mama kwa upindo wa kanga yake, na baba kwa yale yaliyokatwa kwa wino. Mwalimu aliniamini siku niliyokuwa siaminiki. Na yule dada wa mikeka, aliyenipa idhini, mimi sina cha kumpa ila hii habari ya mama yake.

Funzo langu ni dogo, kwa kimo changu. Mimi sijawa walii. Bwana Shauri bado namwigiza, na mkitaka nitawapa leo baada ya sala. Ila kila ninapotaka kufanya jambo ambalo moyo unaniambia si jema, siku hizi sihesabu tena macho. Namkumbuka bibi mkekani, kitambaa kichwani, anasema nitazame, si nimefunga? Dhambi ile niliitenda peke yangu gofuni, nikadhani ni yangu. Kumbe ilikwenda kukaa kwake.

Kesho au kesho kutwa mwezi utaandama. Niombeeni nifunge zote, hata siku za kuni. Nami naona Babu ameshatoa saa yake anaitazama, magharibi imekaribia. Naketi. Mtakaposikia adhana, nitazameni hapa nilipo, midomo imefungwa.